Nafsi ya Pili: Mtu na Kompyuta Yake

Kitabu ninachokusudia kukihakiki hapa si kipya. Kilitolewa New York mwaka 1984, kikachapishwa tena mwaka 2005 pamoja na utangulizi mpya wa mwandishi. Mwandishi ni Sherry Turkle, Mmarekani aliyebobea katika elimujamii na elimunafsi, na kitabu chenyewe kinaitwa The Second Self. Yamkini msomaji atauliza kwa nini jarida la walimu wa Kiswahili lishughulike na kitabu cha Kiingereza chenye umri wa zaidi ya miaka arobaini, tena kinachohusu mashine. Jibu langu ni kwamba kitabu hiki kiliuliza mapema swali ambalo sisi twaishi nalo kila siku bila kulipa nafasi: kompyuta iliyo juu ya meza ya mtu ni nini kwake? Sisemi inamfanyia kazi gani, maana hilo kila muuzaji hulijibu kabla hujauliza. Nasema ni nini kwake yeye.

Nianze na jina. Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa somo la tafsiri jina hilo walihamishie katika Kiswahili. Karibu darasa zima liliandika "Nafsi ya Pili". Kalamu nyekundu ilikuwa tayari mkononi. Mwanafunzi yeyote aliyepita kidato cha kwanza anajua kwamba nafsi ya kwanza ni mimi na sisi, nafsi ya pili ni wewe na ninyi, nafsi ya tatu ni yeye na wao. Turkle hakukusudia "wewe". Alikusudia "mimi" wa pili, kivuli cha mtu kilichojitenga naye kikakaa mezani. Lakini nilipokirudia kitabu sura kwa sura niliona kwamba kosa la darasa limegusa penye uzito. Watu wanaosimuliwa humo huzitaja kompyuta zao mara kama kipande cha nafsi zao, mara kama mtu wa kuzungumza naye, na mwandishi mwenyewe hakupata kuamua ni lipi kati ya mawili. Kalamu nikairudisha mfukoni.

Turkle alianza kufundisha katika chuo cha teknolojia cha MIT, Massachusetts, mwaka 1976, akitokea kwenye utafiti juu ya mafundisho ya Freud nchini Ufaransa, ambao aliutolea kitabu mwaka 1978. Hakuwa mtu wa mashine. Kilichomshtua huko MIT ni lugha ya wanafunzi wake. Amesimulia kisa kimoja ambacho mwalimu wa lugha anafaa kukisoma mara mbili. Freud alitaja habari ya mwenyekiti wa bunge aliyefungua kikao kwa kutangaza kwamba kikao kimefungwa. Kwa Freud, ulimi uliteleza kwa kuwa moyo ulitamani kikao kiishe. Mwanafunzi mmoja akampinga Turkle. Alisema kwamba katika kamusi ya kompyuta "kufunga" ni "kufungua" kuliko na alama ya kutoa mbele yake. Alama ikipotea au ikizuka njiani, neno hugeuka. Hakuna tamaa, hakuna siri ya moyo, ni hitilafu tu. Sisi tumezoea kwamba binadamu ndiye anayeipa mashine maneno; hapa mashine imempa binadamu maneno ya kujieleza. (Kijana yule angefurahi kuijua kauli yetu ya kutendua: fungua na funga hutenganishwa na irabu moja, na mwenyekiti wetu angeidondosha bila ya msaada wa Freud wala wa umeme.)

Sura iliyo kiini cha kitabu, kwa maoni yangu, ni ile ya wamiliki wa kwanza wa kompyuta za nyumbani. Msomaji kijana ahitaji historia kidogo hapa. Mnamo Januari 1975 gazeti la Popular Electronics la Marekani lilitangaza mashine iitwayo Altair 8800, iliyouzwa kwa posta ikiwa vipande vya kuunga mwenyewe, kwa dola 397. Haikuwa na kibodi wala kioo. Kumbukumbu yake ya awali ilikuwa baiti 256, kiasi kisichotosha kubeba hata aya hii. Mwenye nayo alipandisha na kushusha swichi zilizopangwa mbele yake, akasoma majibu katika taa ndogo. Hukuweza kuandikia barua wala kutunzia hesabu za duka. Na bado watu waliiagiza kwa maelfu, na Machi mwaka huo huo baadhi yao wakaanza kukutana katika gereji moja huko Menlo Park, California, wakajiita Homebrew Computer Club. Mashine zilizouzwa zimekwisha kuungwa, kama Apple II, TRS-80 na Commodore PET, zilikuja mwaka 1977, na ile ya IBM mwaka 1981.

Turkle aliwakuta watu wa aina hiyo upande wa Boston mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliwauliza kompyuta ni ya nini, wakamjibu kwa maneno ya manufaa, kama mtu anavyojibu mbele ya mkewe aliyeona pesa zinatoka. Hakutosheka. Alipowasikiliza kwa kitambo alitambua kwamba wengi walikuwa mafundi na wataalamu ambao kazini mwao kazi ilikuwa imekatwa vipande, kila mmoja amepewa kipande chake asijue kazi nzima yaelekea wapi. Usiku, nyumbani, walikuwa na mashine ambayo mtu mmoja angeweza kuielewa yote, toka waya hadi jibu. Ndiyo maana wengi wao walipendelea kuiandikia kwa lugha ya mtambo wenyewe, ngumu na ya kuchosha, wakazidharau zile nyepesi: hawakutaka pazia kati yao na chombo. Kwao kompyuta ilikuwa ulimwengu mdogo usio na kitu kilichofichwa, na katika ulimwengu huo kosa lolote lilikuwa na sababu, na sababu ilipatikana kwa mwenye subira.

Hapo ndipo Turkle anapothubutu zaidi. Marekani ya miaka ile ilikuwa imetoka katika vita vya Vietnam na kashfa ya Watergate, iliyomwondoa Rais Nixon madarakani mwaka 1974. Mambo makubwa ya nchi yalikuwa yamefanywa nyuma ya milango. Mtu aliyeunga kompyuta yake mwenyewe alijionjesha namna nyingine ya mambo, yaliyo wazi na yanayotii. Baadhi yao waliota siasa ya namna hiyo. Lakini mwandishi aonya kwamba mtu akiipata nguvu hiyo mezani pake aweza kuridhika nayo, akaacha kuidai barazani. Katika kitabu chote sikukuta jambo lililonikaa zaidi ya hilo. Chombo kile kile chamfariji mtu na kumnyamazisha. Nimewaona walimu, na mimi nikiwamo, wakikesha kuipamba ratiba kwenye kompyuta kwa mistari na rangi, katika shule ambayo ratiba yenyewe hakuna aifuataye.

Sasa niingie kwenye dosari. Turkle ashikilia kwamba kompyuta ilileta kitu kipya duniani, kitu kinachoketi mpakani baina ya uhai na usio uhai. Sura zake za watoto ni tamu: watoto ufukweni wabishana kama kichezeo cha umeme kiitwacho Merlin, kilichotoka sare na mwenzao, kimefanya hila, na kama kitu kisicho hai chaweza kufanya hila. Sipingi kwamba ubishi huo ulimfundisha mengi. Lakini ushahidi wake mwingi ni wa maneno. Yasemwapo maneno kama "inataka", "inajua" na "inadanganya", yeye husikia mpaka ukitikisika. Mzungumzaji wa Kiswahili hakungoja kompyuta ili aseme hivyo. Gari lisipowaka twasema limekataa. Redio ikinyamaza twasema imekufa. Vitenzi vya viumbe wenye utashi twavitwika vyombo bila wasiwasi wowote, kwa sababu mpaka wetu hatuuweki kwenye kitenzi, twauweka kwenye kiambishi. Kipanya wa ghalani amekufa. Kipanya cha kompyuta kimekufa. Kifo ni kimoja, upatanisho mbalimbali. Kompyuta hukataa, hugoma, hulala, huganda na hufikiri, nayo katika hayo yote hubaki katika ngeli yake ya vitu. Sijamsikia mtu mzima akisema "kompyuta amekataa" ila kwa mzaha. Basi mtu akisema mashine yake inamchukia, huenda hajasema lolote juu ya uhai wake. Turkle alihitaji kuipima sarufi ya wasemaji wake kabla ya kuipima imani yao.

Dosari ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Mmiliki wa Turkle yu peke yake. Mtu mmoja, meza moja, mashine moja, na mlango umefungwa. Hata anapoeleza madarasa ambamo watoto wagawana kompyuta, maana anayoitafuta ni ya mtoto mmoja mmoja: Jeff apangaye kazi yake yote kabla ya kuanza, na Kevin ajaribuye hili na lile kama mchoraji. Kwa hakika lugha yetu ingempa nguvu hapa, kwa kuwa neno letu moja labeba pande zote mbili za hoja yake. Twasema "shamba hili lina mwenyewe", maana yake mmiliki. Twasema "nimeiona mwenyewe", maana yake nafsi yangu. Mwenye kitu na nafsi ya mtu ni neno moja. Ni kana kwamba Kiswahili kilikwisha kukipa kitabu jina kabla hakijaandikwa.

Lakini Kiswahili hicho hicho chajua kumgawa mwenyewe. Apitaye Nasser Road hapa Kampala, penye maduka ya wapiga chapa, au aingiaye mji wowote mdogo wenye umeme, ataona kibanda chenye kompyuta ya mezani, printa na mashine ya fotokopi. Mteja ameketi ubavuni mwa mpiga taipu. Amemshikia karatasi ya mkono, au amwambia kwa mdomo: barua ya kuomba kazi, risala ya harusi, tangazo la msiba. Mpiga taipu, aghalabu binti aliyemaliza shule juzi, asikiliza, asahihisha tahajia, apendekeza salamu ya kufungia. Mwenye kibanda yu nyuma ahesabu kurasa. Nani mwenyewe hapo? Mwenye mashine hajui kilichoandikwa. Mwenye mkono si mwenye maneno. Mwenye maneno hagusi kibodi. Barua ikishachapwa hubaki ndani ya mashine, ubavuni mwa barua za watu mia: huyu aliomba kazi, yule aliomba radhi, wa tatu alidai shamba la babake. Turkle aliiona kompyuta kama kioo anachojitazamia mtu. Kioo cha kibanda kimejaa sura za watu, na sura isiyomo kabisa ni ya mwenye kibanda. Tena tukumbuke kwamba kabla hatujajifunza kuchapa sisi wenyewe, mitihani yetu ilipita mikononi mwa mabinti hao, wakajua maswali kabla ya watahiniwa. Walitunza amana ile kwa ujira wa kurasa. Uhusiano huo wa mtu na mashine kwa njia ya mtu mwingine, wenye kuaminiana na aibu ndani yake, hauna sura katika kitabu.

Juu ya fani sina mengi. Mwandishi asikiliza vizuri, awaachia watu nafasi ya kusema, na lugha yake haina majivuno ya kitaalamu. Ila kitabu ni kirefu kuliko haja yake, na kila mhusika, awe mtoto au mhandisi, lazima hatimaye agundue jambo fulani kuhusu nafsi yake. Kuna watu wanaotumia kitu bila kugundua lolote. Wangestahili ukurasa.

Yaliyotokea baada ya kitabu yamemtetea na kumgeuka. Januari 1984, mwaka ule ule wa kitabu, ilitoka Macintosh ya kampuni ya Apple, ambayo kasha lake lilifungwa kwa skrubu zilizotaka bisibisi maalumu. Wale waliotaka kuona ndani walifungiwa nje. Turkle alilitambua hilo, na katika kitabu chake cha mwaka 1995, Life on the Screen, aeleza jinsi maana ya uwazi ilivyopinduka: zamani kompyuta iliyo wazi ilikuwa ile uwezayo kuiona mpaka ndani, sasa ni ile iliyokuonyesha picha za faili na kapu la taka usihitaji kujua kilicho ndani.

Lakini ushahidi mzuri kuliko wote aliuacha, nao ni wa sarufi. Katika Windows 95 kulikuwa na picha ndogo kwenye kioo, na chini yake maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Kompyuta Yangu". Windows Vista, iliyofika madukani mwaka 2007, iliondoa kimilikishi, pakabaki "Kompyuta" tupu. Windows 8.1 ya mwaka 2013 ikaandika "Kompyuta Hii". Toka -angu hadi kimya, toka kimya hadi kiashiria cha karibu: kitu kiko karibu nami, lakini si lazima kiwe changu. Sidhani walioamua mabadiliko hayo walikuwa na falsafa yoyote kichwani. Hata hivyo mwalimu wa lugha hawezi kupita asisimame. Tena hata siku zile za "yangu", aliyeandika "yangu" si mimi. Kampuni iliniwekea nafsi ya kwanza mdomoni, nami nikadhani nimesema.

Na hapa darasa langu lapata haki yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na nyingine zimefuata baadaye. Tazama amri katika programu za namna hiyo. "Hifadhi", "futa", "chapisha": ni mimi ninayeiamuru mashine, nayo ni nafsi ya pili halisi, ni "wewe". Kisha kioo chaandika "ingiza nenosiri", "subiri", "jaribu tena": sasa yeye aamuru, na mimi ndimi "wewe". Kitenzi cha kuamuru hakina kiambishi cha nafsi katika umoja, kwa hiyo machoni amri za pande mbili zafanana kabisa. Ni kwa kutumia tu ndipo mtu ajuapo nani bwana wa sentensi. Kila mwaka amri za upande wa pili zaongezeka, wala sijui kama ni mimi tu ninayezihesabu. Turkle, katika kitabu chake cha mwaka 2011, Alone Together, aliyageukia majonzi ya watu walioshikamana na vyombo wakaachana wao kwa wao. Ningependa zaidi arudi kwenye meza ile ya kwanza, asikilize nani anamwambia nani "fanya".

Kompyuta yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, nikailipia kwa awamu tatu. Nilipoiwasha ilinisalimu kwa jina la mtu mwingine, jina la Kizungu la mtu nisiyemjua hadi leo. Ndani mlikuwa na barua zake na picha nyingi za mbwa mmoja mweusi. Barua sikuzisoma, ingawa sitadanganya kwamba sikutamani. Nilizifuta zote Jumapili moja mchana, nikijiona kama mtu aliyepewa kazi ya kufagia chumba cha marehemu. Nikaweka jina langu, nikaandika kwa mashine hiyo kwa miaka mitano: mitihani, insha, risala za chama, barua ya kuomba ruhusa nimuuguze mama. Kisha mwenzangu wa shule nyingine, niliyempelekea maswali ya ushairi, akanipigia simu kuniuliza huyo Mzungu aliyeyatunga ni nani, mbona ajua bahari za mashairi kiasi hicho. Nilidhani ananitania. Kumbe programu ya kuandikia ilikuwa imelishika jina la mwenyewe wa kwanza, ikalipachika katika maelezo ya kila faili, mahali pa mwandishi. Nilizifungua moja moja. Lilikuwako katika zote, hata katika ile barua ya mama. Nilitafuta mahali pa kulibadilisha nikapaona, nikaandika langu. Faili za zamani sikuzigusa. Bado zina jina lake.